Kijana Anayetaka Kuwa Daktari wa Upasuaji: Ajitayarishe Namna Gani?

(Maneno ya mhudumu wa jamii katika mkutano wa wanafunzi wa udaktari na wazazi wao)



Wazazi wapendwa, na ninyi vijana wetu. Mimi si daktari. Lakini faili za msaada wa karo hupita mezani kwangu, na hapo nimejifunza mambo.

Wazazi wengi hudhani ile miaka 6 ya chuo ikiisha, basi. Hapana. Kuna mwaka mzima wa mafunzo ya kazi hospitalini, na anayetaka upasuaji huomba nafasi ya kusoma mingine 5 hivi. Nafasi ni chache, waombaji wengi. Mlango mmoja ni chuo kikuu. Mwingine ni Chuo cha Madaktari wa Upasuaji cha Afrika Mashariki, Kati na Kusini, kilichoanzishwa 1999, ambapo kijana hujifunza akiwa kazini katika hospitali iliyokubaliwa. Hospitali za misheni kama Tenwek na Kijabe nazo hufundisha. Usibishe hodi mlango mmoja tu.

Kijana mmoja wa hapa kwetu aliomba akiwa na barua tatu: ya padri, ya chifu, na ya mwalimu mkuu wake wa zamani. Barua nzuri ajabu! Mimi ndiye niliyemsaidia kuzipata. Akakataliwa. Baadaye nikaelewa: kati yetu sote hakuna aliyewahi kumwona akishika kisu. Nilimpeleka kwa wakubwa, kumbe angeenda kwa wanaomjua kazini.

Akarudi wadini chini ya daktari bingwa mmoja, mzee mkali. Alifika mapema, akafuata wagonjwa wake mpaka waruhusiwe kwenda nyumbani. Jioni alifunga mafundo ya uzi kwenye mguu wa meza. Mama yake akalalamika uzi wa kushonea umekwisha. Akahesabu pia, kwa ruhusa ya hospitali, vidonda vilivyotunga usaha baada ya upasuaji, akaandika ripoti fupi.

Tena alikuwa na daftari lenye orodha ya wagonjwa 40. Mzee akamwuliza, "Wangapi umewapasua wewe?" Walikuwa 9. Akaambiwa aandike upya: aliowatazama tu, aliosaidia, aliowafanya mwenyewe akisimamiwa. Alikuja kwangu akiwa na hofu, ati ataonekana mdogo. Nami, nasema kweli, niliogopa pamoja naye.

Siku ya mahojiano wakamwuliza juu ya wale 9 tu. Mmoja kidonda chake kilifunguka. Akaeleza alikosea wapi na nani alimsaidia kurekebisha. Alipata nafasi, na yule mzee ndiye aliyemwandikia barua.

Kwa hiyo, vijana, mwombeni daktari wenu barua mkiwa bado mko wadini, kabla hajasahau sura yenu. Hizi za parokia tutaziandika, lakini ziwe za mwisho kwenye bahasha. Na wazazi, habari ya karo tuongee Alhamisi ofisini. Njoni na stakabadhi.