Telefone yetu ndiyo modemu, lakini mpaka lini?



Leo hatukuja na bango. Tumekuja na telefone moja, kabo moja na mashini moja, juu tumechoka kusikia kwamba kijana mwenye diplome anakaa tu. Hatukai tu. Tunatafuta kazi, na siku hizi kazi inatafutwa kwa intaneti. Tangazo linatoka huko, dosie inatumwa huko, tena formulere zingine zinakataa kufunguka kwa telefone, zinataka ordinatere. Tarehe ikipita, hakuna wa kumwelezea kwamba kwetu rezo ilianguka.

Basi telefone inabebeshwa ordinatere mgongoni. Unaingia kwa parametre, unawasha kugawa koneksio, unaweka neno la siri (si 12345678 tafadhali, jirani naye anajua kuhesabu), mashini inaiona kama Wi-Fi. Kama mashini iko na moto, kabo ni bora: telefone inapata chaji humo humo, na hakuna mwingine anayeingia. Wi-Fi inamaliza batri mbio, ila watu wa vilima wanajua faida yake: telefone unaiacha pale rezo inashika, kwa dirisha ama kwa tawi la mwembe, wewe unakaa mita chache pembeni, kivulini, na mashini yako. Bluetooth iko polepole lakini inahurumia batri.

Sasa adui. Ordinatere haijui umaskini. Ikiona Wi-Fi inadhani iko ofisini, inaanza kujivutia matoleo mapya ya Windows, mega mamia kwa mamia, wewe bado uko kwa mstari wa kwanza wa barua ya kuomba kazi. Ingia kwa parametre za rezo, weka «Connexion limitée». Funga programu zinazopandisha picha zako bila kukuuliza. Andika dosie bila intaneti, washa saa ya kutuma. Na mmoja akishavuta PDF, wengine waipate kwa Bluetooth. Kuvuta kitu kimoja mara kumi ni kutajirisha watu wasiotujua.

Lakini tusidanganyane, hiyo yote ni ujanja wa mtu aliyenyimwa barabara. Mnakumbuka intaneti ilivyokatwa tarehe 31/12/2018, karibu siku 20, nchi nzima: hata kabo mia zisingesaidia. Mnakumbuka kodi ya RAM, iliyoingia 2020: dola 1 kwa mwaka kwa telefone ya 2G, dola 7 kwa ya 3G na zaidi, ikikatwa kwenye yunite zetu. Watu walikataa, wakapiga kelele, na 2022 ikafutwa.

Kuna sheria namba 20/017 ya tarehe 25/11/2020. Ndani yake kuna mfuko unaoitwa FDSU, wa kufikisha mawasiliano pale kampuni hazioni faida. Pale ni wapi kama si hapa kwetu? Tunauliza swali fupi: Maniema ya kusini iko kwenye liste, ndiyo ama hapana? Minara mingapi, na lini?

Ili tusijibiwe kwamba tunalalamika ovyo, kwa mwezi mmoja kila mmoja wetu ataandika: siku, saa, mahali, rezo ni 2G ama 3G, mega alizonunua, mega mashini ilizokula, na kama dosie ilifika. Hasira tuziweke pembeni, tuandike saa na tarehe. Karatasi zote tutazifunga na barua kwa madepite wa Kasongo na Kabambare, nakala kwa gavana, Kindu. Na tutasubiri sahihi ya kupokea, hatutoki bila hiyo.

Tunaanza Jumamosi, saa tatu asubuhi. Mwenye kabo aje nayo, ila aijaribu kwanza: zingine za sokoni zinachaji tu, hazipitishi intaneti.