Zile dola sita ni za nani?

Tutazame hati za Hazina. Tangu Oktoba 2019 Leta ya Kongo inakopa kwa kuziuza kwa mnada unaoendeshwa na Benki Kuu.

Tuchukue mfano. Hati ya dola 100, ya miaka miwili, inanunuliwa kwa 94. Leta inapokea 94, lakini siku ya mwisho italipa 100. Zile 6 ni riba, hata kama hakuna aliyeziita hivyo, na mhasibu anapaswa kuzigawa katika miaka yote miwili. Hati inayolipa pia riba kila mwaka ikiuzwa 104, ile 4 ya ziada si pato la kutumia leo; inapunguza gharama ya riba kidogo kidogo.

Sasa, inatuhusu nini? Zile 6 zitatoka kwenye kodi yetu, mfuko uleule ambao mwalimu anausubiri kwa mshahara wake.

Wapo wanaosema: pesa haijatoka, kwa nini kuandika gharama sasa? Hoja hiyo ina uzito, maana mishahara hulipwa kwa fedha iliyopo. Lakini gharama iliyofichwa leo itaiangukia bajeti ya kesho kwa mpigo, na hilo mimi silikubali.

Je, bajeti ikisomwa, nani atatuambia kila hati iliuzwa kwa bei gani?