Maharage Sita: Ombi la Vitabu vya Picha kwa Madarasa Yetu ya Awali



Sisi wa kamati ya fedha huja mbele yenu na mahesabu. Leo tunaanza na la aibu yetu wenyewe. Mwaka jana tulinunua maboksi mawili ya vitabu vya picha kwa ajili ya watoto wa awali. Kwenye daftari imeandikwa "vimepokelewa". Tulipokwenda kukagua, tulivikuta kabatini. Ni vya Kiingereza, vimejaa matufaha na theluji. Mwalimu hakuvikataa, alikosa pa kuanzia.

Sisi tuliolea watoto mjini tumesahau jambo moja. Mtoto wa kijijini anaingia darasani na Kihaya chake, anakuta kufundishwa ni kwa Kiswahili. Mbili na tatu hazimsumbui, maana nyumbani ni ibili na ishatu. Akifika sita na saba anapotea. Yeye anajua mukaga na mushanju, na hayo ya Kiswahili yametoka Kiarabu. Basi anayaimba tu. Ataimba mpaka kumi bila kukosea, lakini mwombe maharage sita, atakuletea kiganja kizima.

Kitabu cha picha kinachofaa kinatibu hilo. Ukurasa mmoja una ndizi sita, tarakimu 6 na neno "sita". Mwalimu anauliza kwanza kwa Kihaya. Mtoto anagusa ndizi moja moja kwa kidole, kila ndizi na neno lake, na neno la mwisho ndilo jibu. Kisha wanarudia picha ileile kwa Kiswahili. Mtoto anaona ndizi ni zilezile, kilichobadilika ni jina la idadi.

Kurasa za mwanzo ziwe za ndizi, sahani na nyumba, kwa kuwa ndizi mbili na sahani tatu hutumia maneno yaleyale ya kuhesabia. Kuku wawili, vikapu vitatu na mayai manne vije baadaye.

Wapo wanaosema tumalize kwanza uzio wa shule. Hoja yao ni ya kweli; mbuzi wanaingia hadi mlangoni. Lakini darasa la awali ni la mwaka mmoja, na uzio tunaweza kuujenga mwakani. Mtoto wa mwaka huu mwakani atakuwa darasa la kwanza.

Hesabu yenyewe ni hii. Shule sita, watoto 60 kila darasa, kitabu kimoja kwa watoto wanne: vitabu 15 kwa shule, jumla 90. Kwa shilingi 8,000 kila kimoja, ni shilingi 720,000. Safari hii walimu wataisoma nakala ya kwanza kabla hatujamlipa mchapaji.

Mwakani hatutawaletea neno "vimepokelewa". Tutawaambia ni watoto wangapi walioombwa maharage sita wakaleta sita.

Bahasha zinapita mezani.