Fizikia Isiyosubiri Jarida



Mwanafizikia Abdus Salam aliporudi kwao Lahore, Pakistan, mwaka 1951 kutoka Cambridge, jina lake lilikuwa limeanza kufahamika miongoni mwa wanafizikia. Nyumbani hakukuta mtu wa kujadiliana naye kazi yake, na habari za utafiti zilimfikia zikiwa zimepoa. Mwaka 1954 aliondoka tena. Upweke ule wa kitaaluma haukumtoka moyoni, na mwaka 1964 aliasisi kituo cha kimataifa cha fizikia ya nadharia mjini Trieste, Italia, ili mtafiti wa nchi maskini asilazimike kuchagua kati ya fizikia na kwao.

Tujiulize habari hizo zilikuwa zinapita njia gani. Jarida huchukua miezi mingi kutoa makala, kwa hiyo wanafizikia hawakulisubiri. Mtu akimaliza kuandika, alipiga chapa, akatoa nakala na kuzituma kwa posta kwa wenzake kabla jarida halijaichapisha makala yake. Hizo ndizo makala tangulizi. Maktaba ya maabara ya CERN, Geneva, na ile ya maabara ya SLAC, California, zilizikusanya na kuziorodhesha kwa bidii kubwa. Lakini bahasha zilikwenda kwa waliojulikana. Idara kubwa za Ulaya na Marekani zilikuwa zinayabishania matokeo ambayo mhadhiri wa Lahore au Dar es Salaam angeyaona muda mrefu baadaye, meli ikishaleta jarida, kama chuo chake kilikuwa kimelipia. Kwa hiyo walikuwapo waliosoma fizikia ya leo na waliosoma fizikia ya mwaka jana, na akili haikuwa na nafasi katika mgawanyo huo.

Mambo yalibadilika Agosti 1991. Joanne Cohn, aliyekuwa Princeton, alikuwa akiwatumia wenzake wa nadharia ya nyuzi makala tangulizi kwa barua pepe, moja baada ya nyingine, kwa mkono wake. Paul Ginsparg wa maabara ya Los Alamos akaandika programu ya kuifanya kompyuta yenyewe ipokee makala, izihifadhi, na imtumie yeyote anayeomba. Iliwezekana kwa sababu Donald Knuth alikuwa amekwisha kubuni TeX, mfumo unaoandika milinganyo kwa herufi za kawaida za kibodi, kiasi kwamba mlinganyo mrefu ulipita kwenye barua pepe bila kuharibika. Ginsparg alitarajia makala kama 100 kwa mwaka. Zilikuja 400 katika miezi sita ya kwanza. Hazina hiyo leo inaitwa arXiv, ilihamia Chuo Kikuu cha Cornell mwaka 2001, na ina makala zaidi ya milioni 2. Kusoma ni bure. Kuweka makala ni bure vilevile, na hapo ndipo ninapotaka tukae kidogo, kwa sababu watu wengi husifu la kwanza na kulisahau la pili.

Siku hizi majarida mengi yanajitangaza kuwa huria. Msomaji halipi, lakini mwandishi hulipa. Mwaka 2020 wachapishaji wa jarida la Nature walitangaza kwamba mwandishi atakayetaka makala yake isomwe bure atalipa euro 9,500. Hakuna idara ya fizikia ninayoijua katika ukanda wetu yenye fungu la namna hiyo. Ipo misamaha ya ada, nayo ina faida yake, lakini mtafiti anayeomba msamaha kila anapoandika anabaki mgeni katika taaluma yake mwenyewe. Ukuta uliokuwa mbele ya msomaji umehamishiwa mbele ya mwandishi, na sisi tumeukuta pande zote mbili.

Fizikia ya chembe imeonyesha kwamba si lazima iwe hivyo. Tangu Januari 2014, chini ya uratibu wa CERN, mpango uitwao SCOAP3 unakusanya fedha ambazo maktaba na wafadhili walikuwa wakizitumia kulipia usajili wa majarida, na kuwalipa wachapishaji moja kwa moja. Msomaji halipi, mwandishi halipi. Fedha ni zilezile. Zimepewa njia nyingine tu.

Wapo wanaoogopa, na hofu yao naiheshimu, kwamba makala ambayo haijahakikiwa na wataalamu inaweza kupotosha. Mfano wao mkubwa ni wa Septemba 2011, kundi la watafiti la OPERA lilipoweka kwenye arXiv matokeo yaliyoonyesha kwamba chembe ziitwazo nyutrino zilizotoka CERN zilifika Gran Sasso, Italia, umbali wa kilometa 730, nanosekunde 60 mapema kuliko nuru. Magazeti yakasema Einstein ameanguka. Lakini soma makala yenyewe: waandishi walieleza vipimo vyao hatua kwa hatua na kuwaomba wenzao wawasaidie kutafuta kasoro. Ndani ya wiki chache majibu mengi yalikuwa yamewekwa palepale. Miezi michache baadaye OPERA wenyewe wakagundua kebo ya faiba iliyokuwa haijakazwa sawasawa. Miezi michache baadaye OPERA wenyewe wakagundua kebo ya faiba iliyokuwa haijakazwa sawasawa. Kosa lilitafutwa hadharani na likapatikana hadharani. Mimi nauona huo kuwa uhakiki wa hali ya juu, kwa sababu mtu yeyote duniani aliyeielewa hoja aliweza kushiriki. Uhakiki wa jarida bado nauhitaji na nitaendelea kuufanya. Ila wahakiki wawili waliofichwa majina hawawezi kushinda jamii nzima ya wataalamu yenye hamu ya kujua.

Niwape mfano unaotuhusu. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa Sekondari ya Magamba, aliona mchanganyiko wake wa moto wa aiskrimu ukiganda kabla ya ule wa baridi wa mwenzake. Aliuliza, akachekwa. Denis Osborne wa chuo cha Dar es Salaam aliposikia swali hilo hakucheka. Alilipeleka maabara, na mwaka 1969 wakachapisha pamoja katika jarida la Physics Education. Mwaka 2022 wanafizikia wa Trieste waliweka kwenye arXiv makala inayoeleza tabia kama hiyo katika mifumo ya kwanta, na sasa jina la Mpemba limetapakaa katika tafiti za aina hiyo. Mwanafunzi wa Dodoma au Kigoma mwenye simu anaweza kuzisoma usiku wa leo bila kumlipa mtu.

Je, anaweza kuzijibu? Hapa lawama haziwaendei wachapishaji peke yao. Tasnifu nyingi za vyuo vyetu zimelala kwenye rafu za maktaba, hazijulikani nje ya jengo. Kamati zetu za kupandisha vyeo huhesabu jarida na kuipuuza makala tangulizi, hata ikiwa imesomwa na kujadiliwa na wakuu wa fani. Na arXiv, tangu 2004, inaweza kumtaka mwandishi mpya apate uidhinisho wa mtafiti aliyekwisha kuweka makala humo. Utaratibu huo una sababu nzuri, lakini kwa kijana ambaye idarani kwake hakuna hata mmoja aliyewahi kuweka, ni mlango uliofungwa.

Waidhinishaji hao tunaweza kuwapata. Tangu 2018 kituo cha Trieste kina taasisi dada Kigali, ndani ya Chuo Kikuu cha Rwanda, na watafiti wake huweka kazi zao kwenye arXiv kama kawaida. Naomba idara yetu iandikiane nao muhula huu huu, kwamba tasnifu ya uzamivu itakayopita hapa iandaliwe kwa TeX, ipitiwe na mmoja wao, na iwekwe wazi kabla mtahiniwa hajavaa joho. Kwa Seneti ombi langu ni moja: makala tangulizi ipewe alama katika fomu ya kupandishwa cheo, hata kama ni nusu ya alama za jarida kwa kuanzia. Barua ya idara nimekwisha kuiandika, na nakala yake iko mezani kwa Mkuu wa Kitivo.