Mazungumzo: Harufu ya Petroli Ndani ya Gari

Karagwe na Kyerwa, ambazo hadi mwaka 2012 zilikuwa wilaya moja, ni nchi ya vilima, na gari la zamani lenye kabureta likipita huko hujifichua lenyewe. Harufu ikizuka mlimani na tangi limejaa, pachunguzwe kifuniko cha tangi na mpira wa juu unaopokea mafuta. Ikizuka baada ya gari kuzimwa, injini ingali ya moto, ishukiwe kabureta. Pengine sindano yake haizibi, petroli ikafurika. Ikiwapo asubuhi, gari limelala usiku kucha, yafuatwe mapito ya mafuta kuanzia tangini: mpira uliozeeka hupasuka karibu na kifungio chake, na doa hukauka upesi. Kijiti cha kupimia oili nacho kinuswe. Kikinuka petroli, injini isiwashwe mpaka fundi aikague pampu.

Wapo wanaotafuta uvujaji kwa kibiriti, tena mafundi! Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutanda chini usionekane. Huko Msamvu, Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019, petroli iliyomwagika kutoka lori lililopinduka ilishika moto, watu zaidi ya 100 wakafariki. Kwa hiyo gari lisukumwe nje, milango ifunguliwe, na kazi isubiri mwanga wa mchana.