Somo la Leo: Kuchagua Raba za Kukimbilia

Leo tutajifunza namna ya kuchagua raba za kukimbilia ziifaazo miguu ya mwenye kuzivaa. Tayarisheni karatasi na kalamu, maana kuna kupima na kuandika.

Huenda mwingine akauliza, "Je, Abebe Bikila wa Ethiopia hakushinda pekupeku?" Ni kweli. Mwaka 1960, mjini Roma, Bikila alikimbia marathoni, zaidi ya kilomita 42, bila viatu, akashinda. Lakini alikuwa amezoea kukimbia hivyo. Na mwaka 1964, mjini Tokyo, alivaa viatu, akashinda tena. Basi mguu hufuata mazoea yake, na kiatu ni chombo cha kuusaidia. Kiatu kisichofaa huleta malengelenge, kucha nyeusi, na pengine maumivu ya muundi au goti. Mtu aliyeanza kukimbia ili apunguze uzito huona taabu, akaacha, akarudi kitini. Hasara hiyo ni kubwa kuliko shilingi alizolipa.

Jambo la kwanza ni kupima. Kila mguu, kutoka kifundo kwenda chini, una mifupa 26, na huvimba kidogo kadiri siku inavyoendelea. Kwa hiyo pima jioni, wala si asubuhi. Vaa soksi utakazokimbilia. Tandika karatasi sakafuni, kisigino kiguse ukuta, simama wima, na mwenzako apige alama mbele ya kidole kirefu kuliko vyote. Kwa watu wengine kidole hicho ni cha pili, si kidole gumba. Pima na mguu wa pili, maana ni kawaida mmoja kuuzidi mwenzake. Ufuate ule mkubwa. Kadhalika pima upana. Utakapovaa kiatu, mbele ya kidole kirefu pabaki nafasi ya upana wa kidole gumba cha mkono. Usitegemee namba iliyoandikwa kiatuni peke yake. Namba 42 ya kiwanda kimoja yaweza kuwa ndogo kuliko 42 ya kiwanda kingine.

Jambo la pili ni mwendo wako. Chukua raba zako kuukuu, uziweke mezani, uzitazame kwa nyuma. Soli ikilika kidogo ukingo wa nje wa kisigino, hilo ni jambo la kawaida. Kiatu chote kikiinamia ndani, ni dalili kwamba mguu wako hulalia ndani unapokanyaga. Usiogope. Kulalia ndani kidogo si ugonjwa, bali ni njia ya mguu ya kupunguza kishindo.

Wako wauzaji watakaokuambia ulowanishe unyayo, ukanyage karatasi, kisha wakuchagulie kiatu kwa kutazama alama ya uvungu wake. Njia hii ilijaribiwa kwa askari wapya wa majeshi ya Marekani, na matokeo yakachapishwa mwaka 2009 na 2010. Kundi moja lilipewa viatu kwa kufuata umbo la unyayo. Kundi jingine wote walipewa viatu vya aina moja. Walioumia katika makundi hayo hawakutofautiana sana. Lakini utafiti wa Luxembourg uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kuwa wale ambao nyayo zao hulalia ndani mno waweza kunufaika na kiatu kilichoimarishwa upande wa ndani. Basi alama ya maji isikufanye ulipe bei kubwa. Kama miguu yako hailalii ndani mno, na huumwi, chagua kiatu unachokiona chepesi na chenye raha mguuni.

Jambo la tatu ni raba za mtumba, ambazo wengi wetu huzinunua, kama vile Karume, Dar es Salaam, au Gikomba, Nairobi. Ziko nzuri, ila yapasa kuzikagua. Ziweke mahali palipo sawa uone kama zimepinda kwa mwendo wa mwenyewe wa kwanza. Bonyeza sponji ya pembeni kwa kidole gumba. Ikiwa ngumu na imejaa mikunjo, imekwisha kazi yake, hata kama juu pamefuliwa pakang'aa. Kunja kiatu: kinapaswa kukunjika penye vidole, si katikati. Tena, watu wengi hushauri raba zibadilishwe baada ya kilomita 500 hadi 800. Fanyeni hesabu: mtu akimbiaye kilomita 5, mara tatu kwa juma, hutimiza kilomita 15, kwa majuma 40 ametimiza kilomita 600. Raba ya mtumba hujui imekwishakwenda kilomita ngapi.

Jambo la nne ni kujaribu. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Vaa raba zote mbili, funga kamba, kisha kimbia hatua chache hapo hapo. Kisigino kisichomoke, na vidole viweze kucheza. Muuzaji akisema, "Itatanuka tu," mrudishie raba yake kwa heshima. Ukinunua mpya, zizoeshe kwa safari fupi kwanza.

Neno moja kwa wenye kisukari. Ugonjwa huu waweza kuondoa hisia za miguu, hata mtu akapata kidonda bila kujua. Kwa hiyo usitegemee raha ya mguu peke yake. Uliza ushauri katika kituo cha afya kabla ya kuanza kukimbia, na ukague nyayo zako kila siku.

Kazi ya nyumbani ni hii: pimeni miguu ya kila mtu wa nyumbani leo jioni, mwandike urefu na upana kwa sentimita, na karatasi hiyo mwende nayo sokoni pamoja na rula. Ndugu msomaji uliyekosa kusikia redioni, nawe fanya vivyo hivyo. Kwaherini, mpaka somo lijalo.