Sangara na Swali Lililochelewa



Mwaka 1954, karibu na Jinja nchini Uganda, sangara kutoka Ziwa Albert walitiwa katika Ziwa Victoria. Walitiwa kimyakimya, mjadala wa kama waletwe au wasiletwe ukiwa bado unaendelea. Nia haikuwa mbaya. Ziwa lilijaa furu, samaki wadogo wenye miba ambao maofisa wa uvuvi wa kikoloni hawakuwathamini, na hesabu ilikuwa kwamba mkubwa atawala wadogo, kisha binadamu atamla mkubwa. Hesabu hiyo ilikuwa sahihi mpaka pale ilipoishia. Haikuuliza sangara akishawapunguza furu atakula nini, wala kazi ya furu majini itafanywa na nani. Mwaka 1960 mtaalamu wa samaki Geoffrey Fryer alichapisha makala ya kutahadharisha juu ya mpango huo, lakini sangara walikuwa tayari wamo ziwani. Mwaka 1962 na 1963 wakaongezwa wengine, safari hii kwa idhini.

Kwa miaka mingi hakukuonekana jambo la kutisha, na ukimya huo ndio ninaotaka tuutafakari. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 sangara waliongezeka kwa kishindo. Kati ya aina zaidi ya 500 za furu, inakadiriwa kwamba 200 hivi zilitoweka, na nyingi kati yake hazikuwa zikipatikana popote pengine duniani. Madhara yakapanda hadi nchi kavu. Furu huanikwa juani wakakauka. Sangara ana mafuta mengi, jua halimwezi, hivyo akabanikwa kwa moshi, na moshi unataka kuni. Miti ya kandokando ya ziwa ikalipia deni la samaki. Utasema nani angeyaona hayo mapema? Waliokuwa wakimla sangara Ziwa Albert walimjua. Kuwauliza kusingehitaji maabara.

Pingamizi zito zaidi linatoka Mwanza na Kisumu. Sangara alileta viwanda vya minofu, fedha za kigeni na ajira kwa maelfu ya watu, na anayelilia furu mbele ya mvuvi aliyesomesha watoto kwa sangara anapaswa kujieleza. Faida hiyo siikani hata kidogo. Ila soko la minofu Ulaya halikuwa kwenye hesabu ya 1954. Lilikuja baadaye, na bahati iliyokuja baadaye haiwezi kuwa ushahidi kwamba uamuzi wa awali ulipimwa vizuri. Tena faida na hasara hazikuwaangukia watu walewale: kitoweo cha bei nafuu cha mwanakijiji kilipungua, minofu ikapanda ndege.

Wengine watanikumbusha kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo. Ni kweli, na Ziwa Victoria lenyewe lina mfano. Gugumaji lilipoziba mialo na bandari katika miaka ya 1990, kusubiri kulikuwa na gharama kila siku. Hata hivyo, fukusi wa Neochetina, wadudu wenye asili ya Amerika Kusini yalikotoka magugu hayo, walijaribiwa kwanza ili kuhakikisha hawatahamia kwenye mazao, ndipo wakaachiwa. Wakasaidia kulipunguza gugu, na mimea mingine ikasalimika. Kupima kulikuwa sehemu ya kutenda.

Kwa hiyo sidai kwamba kila hatua isubiri uhakika. Uhakika huo haupo. Nadai kwamba muda wa kufikiri upimwe kwa ugumu wa kurudi nyuma. Bei ya leseni ikikosewa hurekebishwa mwaka unaofuata. Samaki aliyekwisha kuzaliana katika ziwa la kilomita za mraba zaidi ya 68,000 hawezi kuitwa arudi. Leo serikali zetu zinahimiza ufugaji wa samaki katika vizimba ziwani humo, na uamuzi huo una sehemu mbili zisizolingana. Kizimba chenye madhara huvutwa nchi kavu. Samaki wa kigeni aliyepenya wavu wake havutwi. Ombi la kuingiza mbegu ya samaki kutoka nje ya bonde la ziwa, basi, lisipite katika meza ileile, kwa kipimo kilekile, na ombi la kuongeza vizimba.